Seva Isiyovuka Bahari

Mei 2024 ilikuwa ngumu kwa pwani yetu. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia. Tarehe 12 nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu kaskazini mwa Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Simu zilishika minara kama kawaida lakini kurasa ziligoma kufunguka, kwa sababu nyingi za kurasa hizo hazikuwa Tanzania. Zilikuwa kwenye kompyuta za ng'ambo, na njia ya kuzifikia ilikuwa imekatika.

Fikiria mtu wa Kilindoni, huko huko Mafia, anayetafuta saa ya kuondoka kwa kivuko cha MV Kilindoni kwenda Nyamisati. Kama ukurasa wenye ratiba umehifadhiwa Ulaya, ombi lake litatoka kisiwani, lipite Dar es Salaam, lizame baharini, liibukie bara jingine, kisha jibu lirudi mwendo uleule. Aliyepanga ratiba yuko Kilindoni, anayeisoma yuko Kilindoni, na gati lenyewe analiona kwa macho.

Wakenya walikutana na kichekesho hiki zamani. Barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya mtaa wa pili ilikuwa ikipanda setilaiti hadi nje ya Afrika na kurudi. Novemba 2000 kampuni hizo zikafungua kituo cha kubadilishana data, KIXP. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akakifunga, na hadi Februari 2002 ndipo kilipofunguliwa tena. Dar es Salaam ikapata chake, TIX, mwaka 2004. Wazo la vituo hivyo, kwamba cha hapa kibaki hapa, linaweza kushushwa hadi kwenye chumba kimoja cha kusubiria abiria: kompyuta ya ukubwa wa kiganja, Wi-Fi yake yenyewe isiyounganishwa na kokote, na programu moja ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C. Safu ya leo inahusu programu hiyo.

Neno seva huwatisha watu bure. Wengi hudhani ni mashine kubwa ndani ya chumba chenye baridi, kumbe ni kazi tu. Programu yoyote inayokaa ikisubiri kuulizwa, na ikiulizwa ikajibu, ni seva. Mwenendo wake ni wa mwenye nyumba: anakaa ndani, anasikiliza hodi, anafungua, anamhudumia mgeni, anamsindikiza, anarudi kukaa. C haijali majina ya vitu yako katika lugha gani, kwa hiyo tunaweza kuuandika mwenendo huo hivi:

int mlango = socket(AF_INET, SOCK_STREAM, 0);
bind(mlango, (struct sockaddr *)&anwani, sizeof anwani);
listen(mlango, 16);
for (;;) {
    int mgeni = accept(mlango, NULL, NULL);
    hudumia(mgeni);
    close(mgeni);
}

Mstari wa kwanza unauomba mfumo wa kompyuta soketi, yaani ncha ya mawasiliano. Wa pili unaifunga soketi hiyo kwenye anwani na namba ya poti, tuseme 8080. Wa tatu unatangaza kwamba wageni wanakaribishwa, na wakizidi wapange foleni ya hadi 16. Kisha inaanza duara isiyo na mwisho. Amri hizi zilienea na toleo la Unix la Berkeley la 1983, na hadi leo seva kubwa za dunia zinazitumia zilezile au ndugu zake. Programu halisi hukagua kila amri kama imefaulu kabla ya kuendelea. Hapa nimeacha ukaguzi huo ili umbo lionekane.

Kazi yenyewe imo ndani ya hudumia. Simu ikifungua ukurasa wa ratiba, kinachofika kwenye seva ni maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma:

GET /ratiba.html HTTP/1.1
Host: 192.168.4.1:8080

Chini yake hufuata mistari mingine kadhaa ambamo kivinjari kinajieleza: kinaelewa lugha gani, kinapokea aina gani za picha, kinatumia simu ya namna gani. Mwisho huja mstari mtupu, ishara kwamba ombi limekamilika. Seva yetu inahitaji mstari wa kwanza tu. Tim Berners-Lee alipoandika seva ya kwanza ya wavuti kwa C huko CERN mwaka 1990, ombi zima lilikuwa mstari mmoja: GET na jina la faili. Mengine yote yaliongezwa baadaye.

Jibu nalo ni maandishi. Kwanza mstari wa hali, 200 kwa kilichopatikana au 404 kwa kisichokuwepo, halafu aina ya kilichomo na urefu wake, mstari mtupu, kisha ukurasa. Kwenye urefu wengi hujikwaa, maana unahesabiwa kwa baiti, si kwa herufi. Chukua jina la kijiji cha Ng'ombeni, hapo hapo jirani na Kilindoni. Kwa jicho lina alama tisa. Lakini likiandikwa kwenye simu inayopinda ile alama ya king'ong'o, alama hiyo peke yake huchukua baiti tatu, na jina linafika baiti 11. Anayehesabu herufi ataiambia simu isubiri baiti pungufu, na mkia wa ukurasa utakatika bila maelezo. Amri ya strlen ya C huhesabu baiti, kwa hiyo hapa ukongwe wa lugha unatusaidia.

Kwingineko unatuponza. C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mapema miaka ya 1970, inamwamini mwandishi kupita kiasi. Ukitenga nafasi ya baiti 4,096 kwa ajili ya ombi, halafu ukaruhusu baiti 5,000 ziingie, C haitakukataza. Zile 904 za ziada zitamwagika juu ya kumbukumbu ya jirani, na mjanja anaweza kuzipanga ili zigeuke amri zake. Udhaifu wa Heartbleed, uliofichuliwa mwaka 2014 ndani ya programu ya usimbaji ya OpenSSL, ulikuwa wa ukoo huohuo kwa upande wa kusoma: programu iliulizwa irudishe data ya urefu fulani, ikauamini urefu ulioandikwa na muulizaji, ikachota hadi siri zilizokuwa karibu. Kwa hiyo kila usomaji uwe na kikomo, ibaki baiti moja ya kufungia mwisho wa maandishi, na ombi lililozidi kipimo lijibiwe kwa kukataliwa.

Hatari ya pili ni njia ya faili. Mtu anaweza kuomba ../../etc/passwd badala ya ratiba.html, na seva ya kijinga itapanda ngazi hadi nje ya folda yake na kumkabidhi. Baadhi hutafuta nukta mbili kwenye ombi na kulikataa, bila kukumbuka kwamba nukta zaweza kuandikwa %2e zikapita. Mimi napendelea dawa ya kishamba: kama seva ina kurasa sita, iandikiwe majina sita, na lolote lisilo kwenye orodha lijibiwe 404. Chumba cha abiria hakihitaji zaidi.

Tatu, na hii huwashangaza hata waliosoma C chuoni, ni mgeni anayeondoka kabla ya kuhudumiwa. Abiria amefungua ukurasa, kivuko kimeita, ametoka mbio na simu mfukoni. Simu imefunga mawasiliano, nayo seva bado inaandika. Katika Linux, programu inayoandikia soketi iliyokwisha kufungwa upande wa pili hupokea ishara iitwayo SIGPIPE, na ishara hiyo, isiposhughulikiwa, huiua programu nzima. Abiria mmoja mwenye haraka anaizima seva ya wote. Kinga yake ni mstari mmoja mwanzoni mwa programu: signal(SIGPIPE, SIG_IGN). Baada ya hapo, amri ya kuandika itarudisha tu kosa, na programu itaendelea na mgeni mwingine.

Yupo pia mgeni anayebisha hodi asiseme neno. Vivinjari kama Chrome hufungua muunganisho wa ziada kwa kubahatisha, vikitegemea kuuhitaji baadaye. Seva yetu inayomhudumia mmoja mmoja itakaa ikimsubiri huyo bubu, na foleni nzima itaganda. Ama umwekee muda, kwa mpangilio wa SO_RCVTIMEO, sekunde tano zikipita bila neno anafungiwa. Ama utumie poll, amri inayoiwezesha programu kutazama soketi nyingi kwa pamoja na kushughulikia tu zile zenye jambo. Na close iliyo kwenye duara usije ukaiona ndogo. Linux kwa kawaida huipa programu nafasi 1,024 za faili na soketi zilizo wazi kwa wakati mmoja. Ukisahau kuwafunga wageni, seva itafanya kazi vizuri asubuhi nzima, na ikikaribia mgeni wa elfu moja na ishirini itakuwa kiziwi.

Kwa nini basi tujitaabishe na C, wakati zipo lugha zinazozuia nusu ya makosa haya? Sababu ni uzito. Programu kama hii ikishatafsiriwa kuwa lugha ya mashine huwa faili la makumi ya kilobaiti, haihitaji kitu kingine kiandaliwe kwanza, na huanza kabla hujainua kidole kwenye kitufe. Itatulia kwenye Raspberry Pi Zero yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 na kuacha karibu yote bila kuguswa. Kompyuta hiyo hula umeme kidogo kiasi kwamba paneli ndogo ya jua na betri vinaitosha, na panapotegemewa umeme wa jenereta hilo si jambo dogo. Mwaka 1999 Dan Kegel aliwachokoza waandishi wa programu kwa swali la jinsi seva moja inavyoweza kuwahudumia watu elfu kumi kwa pamoja. Jibu lililovuma, nginx ya Igor Sysoev ya mwaka 2004, liliandikwa kwa C, likitegemea ujanja uleule wa kutazama soketi nyingi kwa mkono mmoja.

Niseme wazi: anayetaka tu kuweka kurasa hewani aweke seva iliyo tayari, lighttpd au nginx, alale. Anayeandika yake aiandike ili aelewe, au kwa sababu kazi yake ni nyembamba kiasi kwamba programu kubwa ni mzigo. Na asiiweke kwenye intaneti ya wazi. Usimbaji unaolinda siri za watu, ule wa HTTPS, usijiandikie mwenyewe hata siku moja. Seva ya ratiba haiulizi jina wala nywila, na ibaki hivyo.

Yanabaki mambo ya kisiwa yenyewe, ambayo vitabu vya C haviyataji. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ya memori huharibika. Kwa hiyo kadi ifunguliwe kwa kusomwa tu, na kumbukumbu za wageni, kama lazima ziwepo, zikae kwenye kumbukumbu ya muda na zipotee bila majonzi. Simu nazo zina tabia yao. Zikiunganishwa na Wi-Fi, huulizia kimyakimya anwani fulani ya Google au Apple kupima kama kuna intaneti. Zisipojibiwa, hulalamika, na baadhi hurudi zenyewe kwenye bando la mwenye simu. Watu wengine huifanya seva idanganye kwa kujibu kwa niaba ya Google. Mimi ningebandika karatasi ukutani: ikikuuliza, chagua kubaki.

Gumu kuliko yote ni saa. Raspberry Pi Zero haina betri ya saa. Hupata wakati kutoka intaneti, na hapa intaneti haipo. Ikizimika usiku na kuwaka alfajiri, itaamini kwamba bado ni wakati uliokwisha pita. Ukurasa ulioandikwa kwa busara kuonyesha safari za leo utaonyesha za siku iliyokwisha pita. Kwa jedwali la maji mambo huharibika zaidi, kwa kuwa kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na nahodha wa mashua ya Jibondo hatakusamehe, hasa wakati wa bamvua. Kuna kipande kidogo cha saa chenye betri yake, DS3231, kinachounganishwa kwa nyaya nne. Kisipopatikana, programu isijaribu kabisa kujua leo ni lini: ionyeshe jedwali la mwezi mzima, tarehe kwa tarehe, na msomaji ajitafutie siku yake.