Kozi ya wazazi wa kidato cha kwanza ianze na nini?

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza yakitoka, wazazi huanza hesabu: sare, viatu, madaftari, godoro kwa anayekwenda bweni. Ada katika shule za Serikali iliondolewa tangu Januari 2016, lakini mahitaji yaliyo kwenye fomu ya kujiunga bado yanaumiza kichwa.

Lililo gumu zaidi halimo kwenye fomu hiyo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na Fizikia, Kemia na Jiografia kwa Kiingereza. Aliyekuwa akinyoosha kidole darasa la saba sasa ananyamaza. Nyumbani akiulizwa anajibu, "Shule nzuri tu," na mzazi asiyejua Kiingereza anaona hana tena la kusaidia.

Mwalimu au kamati ya shule inayotaka kuandaa kozi ya mtandaoni kwa wazazi hawa ianzie hapo, si kwenye hotuba ya umuhimu wa elimu. Mzazi aliyeuza mahindi ili anunue sare anaujua umuhimu huo. Anachotaka kujua ni afanye nini Jumatatu jioni.

Somo la kwanza limpe jambo moja tu. Mtoto achukue daftari la siku hiyo na kueleza kwa Kiswahili walichofundishwa. Akieleza kwa maneno yake, ameelewa. Akikwama, au akisoma tu kilichoandikwa, mzazi ameshaona tatizo lilipo bila kujua neno hata moja la Kiingereza. Hapo pawekwe alama, na kesho yake mtoto akamuulize mwalimu.

Somo la pili lihusu njia. Shule ya kata inaweza kuwa mbali: mtoto anatoka saa ngapi, anapita wapi, anatembea na nani, mchana anakula nini? Kama amepangiwa chumba karibu na shule, ni mtu mzima gani anayemwangalia?

Somo la tatu lihusu walimu. Sekondari kila somo lina mwalimu wake, hivyo ni rahisi mtoto kupotea katikati yao. Mzazi amfahamu mwalimu wa darasa na awe na namba yake kabla ya matatizo kuanza.

Kozi yenyewe iwe nyepesi. Sauti ya dakika tatu kwa WhatsApp na swali moja la kufanyia kazi vinatosha; video ndefu inamaliza bando. Itumwe jioni, na mwenye kitochi apate ujumbe mfupi wa maneno. Maksi za watoto zisibandikwe kwenye kundi, kwani mzazi akiaibika mbele ya wenzake hatauliza tena.

Kabla ya kuisambaza, wasikilizishwe wazazi watano, wakiwamo wasiofika sekondari. Mmoja akimaliza kusikiliza na kushindwa kusema leo jioni atafanya nini, somo lirudiwe kuandaliwa.

Masomo yaanze Desemba, kabla shule hazijafunguliwa, na yaendelee muhula wote wa kwanza. Kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, na anayeshindwa hukariri darasa. Kujua wakati huo kwamba mtoto hakuwa anaelewa ni kuchelewa, wakati daftari lake lingeweza kuonyesha hivyo tangu Februari ya kidato cha kwanza.