Makro, Ngeli na Violesura vya Kiswahili: Mfano wa Rejista ya Ruaruke

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba tatizo la istilahi linatatulika. Lakini istilahi zikishapatikana, hubaki suala la upatanisho wa kisarufi katika sentensi ambazo programu huziunda yenyewe. Mhadhara huu unadai kwamba suala hilo linaweza kushughulikiwa kwa makro, mradi kanuni za ngeli ziwekwe ndani ya makro hiyo tangu mwanzo.

2.0 Dhana ya makro

Kiolesura ni sehemu ya programu inayoonwa na mtumiaji: madirisha, vitufe, menyu na ujumbe. Katika lugha za kuundia mifumo, kama vile C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, kitufe kimoja huweza kuhitaji mistari mingi ya msimbo: kukiunda, kukipa maandishi, kukiweka mahali pake na kukiunganisha na tendo.

Makro hupunguza kazi hiyo. Mwanaprogramu huandika maelezo mafupi, nayo hupanuliwa kuwa msimbo kamili wakati programu inapotayarishwa, kabla haijamfikia mtumiaji. Makro ya C hubadilisha maandishi kwa maandishi tu. Makro ya Rust huweza kukagua muundo wa maelezo iliyopewa na kuyakataa yasipokamilika. Ndiyo maana maktaba za violesura za Rust, kama Relm4 na Slint, humwezesha mwanaprogramu kueleza dirisha zima ndani ya makro moja, vitu vikiwa vimepangwa ndani ya vingine kama vinavyoonekana kwenye kioo.

3.0 Mfano wa rejista

Ichukuliwe rejista ya kubuni ya kata ya Ruaruke, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti na katika Sensa ya mwaka 2012 ilihesabiwa chini ya Wilaya ya Rufiji. Rejista hiyo inaorodhesha wavuvi, mitumbwi, nyavu na magunia ya mpunga. Mwanaprogramu aliyezoea Kiingereza huandika ujumbe mmoja wenye nafasi mbili, ya jina na ya idadi, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki. Kiswahili hakiruhusu hivyo:

Wavuvi 3 wamesajiliwa.
Mitumbwi 3 imesajiliwa.
Nyavu 3 zimesajiliwa.
Magunia 3 yamesajiliwa.

Mfumo wa gettext, unaotumiwa sana katika C, hukipa Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la wingi. Maumbo hayo hayatoshi, kwa sababu wingi wenyewe una viambishi tofauti kwa kila ngeli.

Yawezekana kudhani kwamba makro ingeitambua ngeli kwa kutazama mwanzo wa jina. Neno "kiboko" linabatilisha dhana hiyo. Katika bonde la Rufiji, ambako mnyama huyo ni hatari inayofahamika, tahadhari sahihi ni "Viboko 2 wameonekana." Programu inayofuata umbo peke yake itaandika "Viboko 2 vimeonekana", na msomaji atafikiria fimbo za kuchapia. Kadhalika, "gunia" halianzi na kiambishi chochote kinachodokeza ngeli ya LI-YA, na kivumishi chake ni "jipya", ilhali wavu ni "mpya" na chombo ni "kipya".

Kwa hiyo ngeli lazima itajwe. Makro inayofaa itapokea jina, umbo lake la wingi, ngeli yake na shina la kitenzi. Kisha itazalisha sentensi mbili kamili, moja ya umoja na moja ya wingi. Mwanaprogramu akisahau kutaja ngeli, makro ya Rust yaweza kusimamisha kazi papo hapo. Kosa hugunduliwa mezani pa mwanaprogramu, na mtumiaji wa Ruaruke halioni kamwe.

4.0 Mipaka na hitimisho

Makro ina gharama zake. Msimbo unaozalishwa hauonekani moja kwa moja, hivyo kosa lililomo ndani yake ni gumu kufuatilia. Aidha, mtafsiri akipewa vipande vya sentensi badala ya sentensi nzima, hawezi kupima kama vinapatana. Inafaa basi sentensi zinazozalishwa zichapishwe katika orodha, ili mjuzi wa lugha azisome kabla programu haijatolewa.

Gharama hizo zinastahili kulipwa. Mtumiaji akikutana kila siku na Kiswahili kilichovunjika, hatimaye hurudi kwenye menyu za Kiingereza, hata kama anazielewa nusunusu, na juhudi za kukuza istilahi huishia kwenye kamusi. Jedwali la ngeli ambalo mwanaisimu huliandaa kwa ajili ya darasa laweza kuandikwa mara moja katika makro na kutumika katika kila dirisha litakaloundwa baadaye. Kazi hiyo inamhitaji mwanafunzi wa Kiswahili sawasawa na inavyomhitaji mwanafunzi wa kompyuta.