Hatua 281 kwa Keki Moja

Mama mpendwa, jana ulipokuwa ukipika chakula cha jioni ulitembea hatua ngapi? Huenda hujui, wala sikulaumu. Nani ana nafasi ya kuhesabu hatua huku sufuria inachemka na mtoto analia mgongoni?

Lakini wako watu waliozihesabu. Yapata mwaka 1930, huko New York, Marekani, ilionekana kwamba kuandaa keki moja ya matunda ya stroberi katika jiko la kawaida kulimtembeza mpishi hatua 281. Keki ile ile, katika jiko lililopangwa upya, ilihitaji hatua 45 tu. Mpishi hakuambiwa aongeze mwendo. Vilivyohamishwa ni meza, kabati na vyombo.

Aliyelipanga jiko lile ni Lillian Gilbreth, mama wa watoto wengi na mjane, ambaye elimu yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyofanya kazi.

Ilianza na matofali

Mume wake, Frank Gilbreth, alianza maisha akiwa fundi mwashi mwanafunzi mjini Boston mwaka 1885. Alishangaa kuona kwamba hakuna mafundi wawili waliojenga kwa namna moja, na hata fundi mmoja alikuwa na namna moja anapofanya haraka na nyingine anapofundisha. Akaanza kuhesabu. Kwa tofali moja fundi alifanya miondoko 18: kuinama, kuokota, kugeuza, kunyanyuka, na kadhalika. Frank akatengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, ili matofali yawe usawa wa mkono na fundi asiiname tena. Miondoko ikashuka hadi kama 5, na fundi aliyekuwa akijenga matofali 120 kwa saa akaweza kufikia 350.

Walioana mwaka 1904, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja. Waliwapiga wafanyakazi picha za sinema, saa ikiwa imewekwa pembeni, kisha wakaitazama picha polepole ili kuona mkono unapoteza muda wapi. Lillian ndiye aliyeuliza zaidi habari za mtu mwenyewe: anachoka kwa nini? Anaipenda kazi yake? Kitabu chake cha mwaka 1914 juu ya saikolojia na uongozi wa kazi kilitolewa kwa jina la L. M. Gilbreth, ili wasomaji wasijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Mwaka uliofuata alipata shahada ya udaktari.

(Frank, wanasimulia watoto wake, alijaribu hata kunyoa ndevu kwa nyembe mbili kwa pamoja. Aliokoa sekunde 44, akapoteza dakika 2 kufunga jeraha shingoni. Wako waume wa namna hiyo.)

Mjane mwenye watoto 11

Walipata watoto 12. Mmoja, Mary, alifariki mwaka 1912 kwa ugonjwa wa dondakoo. Kisha Juni 1924 Frank mwenyewe alianguka na kufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa stesheni ya treni, katikati ya mazungumzo ya simu na mkewe. Alikuwa amejiandaa kwenda Ulaya kwenye mikutano ya wahandisi. Siku chache baada ya mazishi, Lillian alipanda meli akaenda yeye badala yake.

Aliporudi, wenye viwanda kadhaa walivunja mikataba. Walikuwa tayari kumsikiliza mume na mke, lakini si mwanamke peke yake. Watoto 11 walihitaji kula na kusoma, mdogo kabisa akiwa na miaka 2 tu. Ndipo akaugeukia mlango ambao hakuna mhandisi mwanamume angethubutu kumfukuza, yaani mlango wa jikoni. Mwaka 1927 alitoa kitabu juu ya mama wa nyumbani na kazi yake, na mwaka 1929 kampuni ya gesi ya Brooklyn ikaonyesha jiko alilolipanga.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Lillian hakuwa mpishi. Nyumbani kwake walipika wengine. Lakini alijua kutazama na kuuliza.

Tatizo si mpishi

Katika nyumba zetu chakula kikichelewa, anayelaumiwa ni mpishi. Mama anaambiwa ni mzito, au msichana wa kazi anaitwa mvivu. Uchunguzi wa kazi hauanzi hapo. Unaanza kwa kuuliza chumvi inakaa wapi, maji yako wapi, maganda yanatupwa wapi, na meza ina kimo gani.

Lillian alisisitiza kwamba vitu vinavyotumika pamoja vikae pamoja, na kwamba meza ifuate kimo cha mwanamke anayeitumia badala ya yeye kuifuata meza. Fikiria ni mara ngapi tunainama mpaka chini kukatia mboga, kuosha vyombo kwenye beseni, au kupepeta mchele. Mgongo unaouma jioni si dalili ya uzee tu. Huenda ni yale yale ya mwashi kabla hajatengenezewa jukwaa.

Baadaye alisaidia kupanga majiko kwa wanawake wenye ugonjwa wa moyo na wenye ulemavu, ambao kwao hatua moja iliyopungua si suala la raha bali la afya. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Dakika zilizookolewa ni za nani?

Hapa tusidanganyane. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alilinganisha takwimu za Marekani akakuta kwamba mama wasio na ajira walitumia kama saa 52 kwa wiki kwa kazi za nyumbani katika miaka ya 1920, na saa 55 katika miaka ya 1960. Walikuwa wamepata mashine za kufulia, majokofu na majiko ya kisasa, na saa hazikupungua! Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alieleza sababu zake katika kitabu cha mwaka 1983. Kufua kulipokuwa rahisi, nguo zilifuliwa mara nyingi zaidi. Kazi walizokuwa wakisaidia baba, watoto na watumishi zilimrudia mama peke yake.

Kwa hiyo ukipunguza nusu saa jikoni bila kusema ni ya nani, ujue itachukuliwa. Itaingia mgeni, au shati la kupiga pasi. Kwa akina Gilbreth kulikuwa na baraza la familia, na watoto, wavulana kwa wasichana, walikuwa na kazi zao zilizoandikwa ubaoni. Kaa na Baba wa watoto, mweleze kwa upole lakini wazi kwamba saa fulani jioni Mama anapumzika. Na mvulana wa miaka 10 hapungukiwi kitu akiosha masufuria.

Tena kuna mzigo usiopungua kwa kupanga rafu. Kama kisima kiko mbali, hata jiko zuri namna gani halitakisogeza. Hilo ni la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na hatua zilizohesabiwa na kuandikwa zinasikika kuliko malalamiko.

Jaribu Jumamosi

Chagua kazi moja ndogo, kama chai ya asubuhi. Mpe mtoto anayejua kuandika karatasi na penseli, achore jiko lako: moto, maji, kabati, meza, mlango. Kila unapokwenda, achore mstari kutoka mahali hadi mahali, naye ahesabu hatua kwa sauti ya chini. Usijikaze kwa sababu unatazamwa. Pika kama siku zote.

Kisha itazameni karatasi pamoja. Mahali palipo na mistari mingi kama utando wa buibui ndipo pa kuanzia. Pengine ni sukari iliyo chumbani ikifichwa watoto, au viberiti vinavyokaa dirishani kwa mazoea tu. Hamisha kitu kimoja au viwili, si vyote. Jumamosi inayofuata mtoto ahesabu tena, na karatasi ya kwanza mwiweke karibu ili mlinganishe.