Kivinjari na Uzito wa Kompyuta

Aghalabu mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 za kumbukumbu (RAM), aionapo imezubaa na feni yake ikivuma, huitupia Chrome, kivinjari cha Google, lawama kwamba ni programu ya israfu. Na lawama hiyo, ijapokuwa ina asili yake, yafaa ipimwe kwa insafu kabla ya kukatiwa hukumu.

Katika vivinjari vya zamani, kurasa zote zilizofunguliwa aghalabu ziliendeshwa kwa pamoja, hata mmoja ukiharibika, zote zikafungika, na barua iliyokuwa ikiandikwa ikapotea. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilileta taratibu nyingine: kila kichupo, kwa kadiri iwezekanavyo, kiwe na sehemu yake ya kumbukumbu, mfano wa nyumba ya wapangaji ambamo kila chumba kina mlango na kufuli yake. Usalama huo una gharama, kwani mengi ambayo yangetumika kwa shirika hurudiwa chumba kwa chumba. Mwaka 2018, baada ya kudhihirika ila ya prosesa iitwayo Spectre, ambayo kwayo tovuti ya hila ingeweza kuchungulia siri za tovuti jirani, Google ilizidi kuzitenga, ikaeleza bayana kwamba matumizi ya kumbukumbu yangeongezeka kwa asilimia 10 hadi 13 hivi. Kwa rai yangu, mtu afanyaye shughuli za benki katika kompyuta yake hana sababu ya kuinung'unikia gharama hiyo.

Firefox ilikwenda kwa hadhari zaidi: toleo lake la Quantum la 2017 lilizigawa kurasa zote katika mafungu manne tu, ndipo 2021 nayo ikafuata njia ya kuzitenga tovuti. Ama Edge, Opera na Brave, hizo zimejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, kwa hiyo anayehama kutoka moja kwenda nyingine asitaraji tofauti kubwa, isipokuwa katika mambo kama vile Edge inavyovilaza vichupo visivyoguswa.

Anayetaka ithibati, afungue Chrome katika Windows, abonyeze Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya vichupo na viendelezi, kila kimoja na kiasi cha kumbukumbu kilichokishika, na huko ataona ukurasa wa maandishi matupu ukichukua kidogo, ilhali wa video na matangazo yachezayo umemeza megabaiti mamia. RAM ikijaa, kompyuta hulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski, nayo diski, hasa ile ya kuzunguka, ni nzito mno kulinganishwa na RAM. Huo ndio mzubao wenyewe, na kukifunga kichupo kimoja cha namna hiyo huweza kuupunguza kuliko kubadili kivinjari.