Homa ya Kiangazi: Si Kila Homa ni Malaria

Minnesota ikipata joto sote tunatoka nje: nyama choma bustanini, watoto kwenye majani, wazee kuvua samaki ziwani. Huko kuna mdudu anayetuvizia, naye ni kupe wa miguu myeusi. Akiwa mchanga ni mdogo kama punje ya ulezi, na kuumwa kwake hakuumi.

Usiseme kupe ni shida ya ng'ombe tu. Hata kwetu Afrika Mashariki kuna homa ya papasi. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ugonjwa wa kupe unaoongoza hapa Minnesota, ni ndugu wa yule wa homa ya papasi.

Angalia ngozi vizuri

Kati ya siku ya 3 na ya 30 baada ya kuumwa, wagonjwa wengi wa Lyme hutokewa na alama inayotanuka polepole hadi kupita sentimita 5. Picha nyingi tulizosomeshwa sisi wauguzi ni za ngozi nyeupe: duara jekundu. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo yaweza kuwa ya zambarau, kahawia iliyokoza, au kama mahali palipovilia damu. Ndiyo maana kwetu hupitwa kirahisi. Kagua kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ukiiona alama, ipige picha kila siku, na umwonyeshe daktari bila aibu.

Kipimo kikisema huna

Kipimo cha kawaida cha Lyme hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, nao huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo mwanzoni majibu yaweza kusema huna, kumbe unao. Daktari akiiona alama na kujua ulikuwa porini, anaweza kukuanzishia dawa bila kusubiri damu.

Ugonjwa wa pili ni anaplasmosisi, uliotambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza hapahapa Minnesota na jirani zetu Wisconsin, miaka ya 1990. Mara nyingi hauna alama kwenye ngozi. Ni homa, kutetemeka, kichwa na misuli kuuma: utaapa ni malaria! Kipimo cha Lyme hakiuoni. Daktari huangalia kama chembe nyeupe na chembe sahani zimepungua, kisha huagiza PCR. Dawa yake, doksisaiklini, huanzishwa kabla ya majibu kurudi, kwani kuchelewa kunaweza kuhatarisha maisha, hasa ya wazee.

Mweleze daktari haya

1. Siku ulizokuwa msituni au kwenye majani marefu, hata kama hukumwona kupe.
2. Kama umetoka safari ya nyumbani karibuni. Hapo malaria nayo ipimwe siku hiyohiyo.
3. Dawa unazotumia, mzio, na kama una mimba.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali haipaswi kukutoza kwa hilo. Na tafadhali, usimeze dawa za malaria zilizobaki kwenye sanduku la safari ukangoja homa ishuke. Nyingi haziui bakteria hawa, nawe unapoteza siku.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kiangazi chema, na tukirudi nyumbani jioni tukaguane.