Maji ya Rejeta Yanapopungua na Chini ya Gari ni Pakavu

Dereva anayeongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi, ilhali hakuna tone chini ya gari, asipuuze hali hiyo. Injini ikiwa imepoa, afungue kifuniko cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, pamoja na moshi mweupe usiokoma, huashiria gasketi ya silinda hedi imeungua, gari lisiendeshwe. Zulia la mbele likiwa na unyevu, hita ndiyo inayovuja.

Vinginevyo, fundi aijaze rejeta presha kwa pampu ya mkono. Mshale wa geji ukishuka, akague mipira na pampu ya maji. Mfuniko wa rejeta hupimwa kando, na ukichoka hubadilishwa kwa gharama ndogo. Usifunguliwe injini ikiwa moto: maji huruka na kuunguza uso.