Mbwa wako na maisha ya mtoto wako

Ndugu mfanyakazi, hapa Lubutu mbwa ni mwenzetu wa kuwinda na mlinzi wa nyumba. Lakini mbwa asiyechanjwa anaweza kuleta kichaa cha mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya: karibu kila mgonjwa anakufa.

Wengi wanasema: «Feza haitoshi watoto, itatosha mbwa?» Ni kweli. Ndiyo sababu inafaa chanjo ya mbwa itolewe bure. Huko Tanzania, katika wilaya ya Serengeti, toka 1996 mbwa walichanjwa bure kijiji kwa kijiji. Watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua sana. Ili ugonjwa ukatike, yafaa mbwa 70 kwa 100 wachanjwe. Basi wachanjaji wakifika, usimfiche wako. Mfunge kamba, umlete.

Mtoto akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Usipake majani wala mafuta. Mama, usingoje baba atoke kazini: mpeleke mtoto dispansere siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo.